Kampuni mama haikusaini mkataba: je, kifungu cha usuluhishi kinaweza kuifunga?

SWALI: "Wakili, salaam. Nina kampuni ya malori Dar es Salaam. Mwaka 2022 tulisaini mkataba wa kupeleka kemikali za migodini Lubumbashi na kurudi na shaba. Iliyosaini upande wa pili ni kampuni iliyosajiliwa hapa Tanzania, tanzu ya kundi kubwa la Ufaransa. Lakini bei tulijadiliana na watu wa Paris, maelekezo ya kupakia yalitoka kwa kampuni dada ya Lubumbashi, na ankara za mwanzo zililipwa kutoka akaunti ya kampuni mama. Baadaye Paris wakatuandikia barua pepe kwamba 'kundi limeamua kuachana na njia ya Dar', na tangu hapo hatujaona senti. Tunadai takriban dola 900,000. Kampuni ya hapa haina kitu, ofisi imefungwa. Mkataba unasema unatawaliwa na sheria ya Tanzania na kwamba migogoro yote itaamuliwa kwa usuluhishi Paris chini ya kanuni za ICC (Chama cha Kimataifa cha Biashara, si ile mahakama ya jinai ya The Hague). Wakili mmoja kaniambia kampuni mama haiguswi kwa sababu haikusaini. Mshauri mwingine anasema kundi zima ni kitu kimoja, nimdai ninayemtaka. Nani yuko sahihi? Au niachane na usuluhishi nifungue kesi Mahakama Kuu hapa Dar?"

JIBU: Pole sana. Kuwa na ushindi mkononi dhidi ya kampuni isiyo na kitu ni karibu sawa na kutoshinda, na naelewa kwa nini macho yako yako Paris. Lakini umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na ni lazima tuyatenganishe. La kwanza: je, kampuni mama imo ndani ya kifungu cha usuluhishi ambacho haikukisaini? La pili: ukipata tuzo (uamuzi wa wasuluhishi) dhidi yake, ni mahakama ya nchi gani itakayokubali kuikaza, yaani kulazimisha itekelezwe? Wadai wengi hutumia fedha zao zote kwenye la kwanza, kisha la pili huwakuta wameshachoka. Mimi ningekuomba uanze na la pili.

Washauri wako wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake.

Wa kwanza anachukulia saini kuwa ndiyo makubaliano yenyewe. Siyo. Saini ni ushahidi wa ridhaa, tena ushahidi mzuri kuliko mwingine wowote, lakini mtu anaweza kuridhia kwa maneno, kwa wakala wake, kwa kupokea mkataba uliohamishiwa kwake, au kwa mwenendo. Mkataba wa New York wa 1958, ambao ndio unaobeba tuzo za usuluhishi kutoka nchi moja kwenda nyingine, unataka makubaliano ya maandishi. Kwako maandishi yapo. Kinachobishaniwa ni nani yuko nyuma ya maandishi hayo.

Wa pili anasahau kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sheria Afrika Mashariki hukutana nayo mapema: tangu hukumu ya Uingereza ya mwaka 1896 katika shauri la Salomon, kampuni ni mtu wake mwenyewe, na deni lake ni lake. Kuwa na mmiliki mmoja, nembo moja na wakurugenzi wale wale hakuziunganishi kampuni mbili kisheria. Fikiria ukoo. Mjomba halipi deni la mpwa wake kwa sababu tu wanatumia jina moja. Lakini kama mjomba ndiye aliyekaa mkekani kupanga bei, ndiye aliyekwambia "leta mzigo", na ndiye aliyekuja kukwambia "biashara imekwisha", hapo tunazungumzia matendo yake, na undugu haumo tena kwenye hoja.

Sababu ya sheria kuwa ngumu hapa ni hii. Jaji wa Mahakama Kuu anapata mamlaka yake kutoka kwa dola, kwa hiyo anaweza kumwita yeyote aliye ndani ya mamlaka hayo, apende asipende. Msuluhishi hana dola nyuma yake. Mamlaka yake yote yanatokana na ridhaa ya waliokubali kwenda kwake. Ukimpeleka mbele yake mtu ambaye hakuridhia, tuzo dhidi ya mtu huyo haina msingi, hata kama deni ni la kweli kabisa. Ndiyo maana Kifungu cha V(1)(a) cha Mkataba wa New York kinaruhusu mahakama kukataa kukaza tuzo pale ambapo makubaliano ya usuluhishi si halali kwa sheria inayoyahusu, na mahakama nyingi hutumia kifungu hicho hicho kwa mtu anayesema: mimi sikuwahi kuwa sehemu ya makubaliano haya.

Maneno "sheria inayoyahusu" ndiyo yenye kazi. Kifungu cha usuluhishi huhesabiwa kuwa makubaliano yanayojitegemea, ingawa kimechapwa katikati ya mkataba wako wa usafirishaji. Kwa hiyo kinaweza kuwa na sheria yake, tofauti na ile ya mkataba wenyewe. Mkataba wako unatawaliwa na sheria ya Tanzania, lakini usuluhishi una makao Paris, yaani mahakama za huko ndizo zinazousimamia. Je, suala la nani anafungwa na kifungu linaamuliwa kwa sheria ya Tanzania au ya Ufaransa? Kila nchi ina jibu lake, na jibu likibadilika, kampuni mama inaweza kuingia au kutoka.

Ufaransa ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mwaka 1982 baraza la usuluhishi la ICC lilitoa uamuzi katika shauri la Dow Chemical dhidi ya Isover Saint Gobain. Mikataba ya usambazaji ilikuwa imesainiwa na kampuni tanzu za Dow. Kampuni mama ya Marekani na tanzu ya Ufaransa hazikusaini. Watu husahau kwamba waliotaka kuingia kwenye usuluhishi ni hao hao ambao hawakusaini: Dow walikuwa wadai, na Isover ndiye aliyepinga. Baraza lilikubali kuwaingiza, na Mahakama ya Rufani ya Paris ikauacha uamuzi huo usimame mwaka 1983. Baraza halikusema kwamba kundi la kampuni linatosha. Lilitazama nafasi ya kila kampuni katika kufungwa kwa mkataba, katika utekelezaji wake na katika kuvunjwa kwake, pamoja na nia ya pamoja ya wahusika wote. Soma tena barua yako uone: walijadili bei, walilipa, walisitisha. Ukweli wako umekaa vizuri kwenye mizani ile, ingawa si kila kipande kina uzito sawa, na nitalirudia hilo.

Tangu wakati huo mahakama za Ufaransa zimejenga kanuni yao wenyewe ya usuluhishi wa kimataifa. Haziulizi kwanza sheria ya nchi gani inatawala kifungu. Zinauliza nia ya pamoja ya wahusika ilikuwa nini, na zinakubali kwamba kifungu kinaweza kumfikia aliyehusika moja kwa moja katika utekelezaji wa mkataba na katika mgogoro uliotokana nao.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, Uingereza, mambo ni mengine. Mwaka 2004, katika shauri la Peterson Farms lililohusu kuku wa kuzalishia wenye ugonjwa waliouzwa India, jaji wa London alisema wazi kwamba nadharia ya kundi la kampuni si sehemu ya sheria ya Uingereza. Singapore ilichukua msimamo kama huo mwaka 2014. Hii haina maana kwamba asiyesaini hawezi kufungwa huko. Maana yake ni kwamba lazima upite kwenye milango ya kawaida ya sheria ya mikataba: aliyesaini alikuwa wakala wa mama, mkataba ulihamishiwa kwa mama, au kampuni tanzu ilitumiwa kama kificho cha kukwepa wajibu uliokwisha kuwepo, hali ambayo mahakama huweza kufunua pazia la kampuni, yaani kumfikia mmiliki aliye nyuma yake. Mlango huu wa mwisho ni mwembamba mno. Kuwa na tanzu maskini si hila kisheria. Ndiyo kazi ambayo kampuni yenye dhima yenye kikomo iliundwa kuifanya.

Kwingine nitapita haraka. Uswisi, tangu uamuzi wa Mahakama yake ya Shirikisho wa 2003, inaweza kumfunga mtu aliyejiingiza katika utekelezaji wa mkataba kwa namna inayoonyesha amekubali kifungu. Marekani, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2020, katika shauri la GE Energy na Outokumpu, kwamba Mkataba wa New York hauzuii kutumia kanuni za ndani zinazomruhusu asiyesaini kukitegemea kifungu. India iliipokea nadharia ya kundi mwaka 2012, kisha Desemba 2023 majaji watano wa Mahakama ya Juu, katika shauri la Cox and Kings dhidi ya SAP, wakaibakiza lakini wakaifunga kwenye ridhaa: lazima mwenendo wa asiyesaini uonyeshe nia ya kufungwa, na uhusiano wa kibiashara peke yake hautoshi.

Sasa mashauri mawili yanayokuhusu wewe hasa, kwa sababu yote yalikuwa na makao Paris.

La kwanza ni la Dallah, kampuni ya Saudi Arabia iliyotaka kujenga nyumba za mahujaji wa Pakistan mjini Makka. Mazungumzo yalikuwa na serikali. Mkataba wa Septemba 1996, hata hivyo, ulisainiwa na wakfu uliokuwa umeundwa kwa amri ya rais, na amri za namna hiyo huisha muda zisipohuishwa. Serikali ikabadilika, wakfu ukatoweka mwezi Desemba, na Januari 1997 ikaja barua ya kusitisha mkataba, kwenye karatasi ya wizara. Dallah ikaenda ICC dhidi ya serikali. Baraza likasema serikali ndiyo mhusika wa kweli, likatoa tuzo ya zaidi ya dola milioni 20. Dallah wakaipeleka Uingereza kuikaza. Novemba 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakataa. Wakati huo ilikuwa ikitumia sheria ya Ufaransa! Ilisema haifungwi na maoni ya baraza juu ya mamlaka yake lenyewe, ikachunguza ushahidi upya mwanzo hadi mwisho, na ikaona kwamba wahusika walipanga kwa makusudi wakfu uwe ndio mwenye mkataba. Miezi michache baadaye, Februari 2011, Mahakama ya Rufani ya Paris ikatazama mambo yale yale, kwa sheria ile ile, ikasema serikali ilihusika tangu mwanzo hadi mwisho, na tuzo ikabaki.

La pili ni la Kabab-Ji, kampuni ya mikahawa ya Lebanon. Mwaka 2001 ilisaini mkataba wa kutumia jina lake na kampuni ya Kuwait. Mwaka 2005 kampuni hiyo ya Kuwait ilipangwa upya na kuwekwa chini ya kampuni mama mpya, Kout Food Group. Mgogoro ulipotokea, Kabab-Ji ilimdai mama peke yake, Paris, ikashinda tuzo mwaka 2017. Mkataba ulitawaliwa na sheria ya Uingereza. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema sheria hiyo ya mkataba inafika mpaka kwenye kifungu cha usuluhishi, na kwa sheria hiyo mama si mhusika. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba mkataba ulikataza mabadiliko yoyote yasiyo ya maandishi yaliyosainiwa, kwa hiyo mwenendo wa miaka yote haukuweza kumwongeza mhusika mpya. Septemba 2022 Cour de cassation, mahakama ya mwisho ya Ufaransa, ikasema kinyume: kuchagua sheria ya Uingereza kwa mkataba hakutoshi kuonyesha kwamba wahusika walitaka kifungu cha usuluhishi nacho kitawaliwe nayo. Tuzo ikabaki hai Paris na kufa London.

Kabla hujaendelea kusoma, fungua mkataba wako kurasa za mwisho, kule watu wasikosoma. Tafuta kifungu kinachosema mkataba hauwezi kubadilishwa isipokuwa kwa maandishi yaliyosainiwa, na kingine kinachosema haya ndiyo makubaliano yote baina ya "Wahusika". Tazama pia neno "Wahusika" limeelezwa vipi ukurasa wa kwanza. Vikiwapo, havikuui Paris, lakini vitakubana sana kwenye mahakama zinazofuata mapokeo ya Kiingereza.

Kwa hiyo kwako nani ana faida? Kwa maoni yangu, una bahati moja kubwa: makao ya usuluhishi yako katika nchi ile ile ambako kampuni mama ina mali. Mahakama itakayoombwa kuibatilisha tuzo ni ya Paris, na mahakama itakayoikaza dhidi ya akaunti na hisa za mama ni ya Ufaransa pia. Huhitaji London wala Nairobi. Kama mama angekuwa wa Uingereza au Singapore, ningekushauri kwa sauti nyingine kabisa.

Ikiwa mali za kundi ziko Uingereza, jua kwamba sheria imebadilika. Sheria ya Usuluhishi ya Uingereza ya 2025, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2025, inasema kwamba pasipo chaguo la wazi juu ya kifungu chenyewe, sheria yake ni ya nchi ya makao, kwa mashauri ya usuluhishi yaliyoanza tarehe hiyo au baadaye. Hoja iliyomwangusha Kabab-Ji imepungua nguvu kwa wanaoanza sasa. Hata hivyo usisahau Dallah: alipewa sheria ya Ufaransa na bado akashindwa London, kwa sababu ya ushahidi.

Kwa Tanzania na Kenya nakuomba tahadhari. Nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa New York, Tanzania tangu 1964 na Kenya tangu 1989. Sheria ya Usuluhishi ya Tanzania ya 2020 imefuata kwa kiasi kikubwa sura ya ile ya Uingereza ya 1996, na ile ya Kenya ya 1995 inamhesabu mhusika kuwa pamoja na mtu anayedai kupitia kwake au chini yake. Wengine hushikilia maneno hayo wakidhani yanaiingiza kampuni mama. Mimi siyategemei. Anayedai kupitia kwa mhusika ni mtu aliyepokea haki kutoka kwake, kama mrithi au aliyehamishiwa mkataba. Mmiliki wa hisa anayesimama kwa haki zake mwenyewe hadai kupitia kwa mtu. Majaji wa India nao walikataa njia hiyo mwaka 2023. Na hukumu za Mahakama ya Juu ya Uingereza, ingawa hazitufungi, husikilizwa kwa heshima kubwa Dar es Salaam na Nairobi.

Kampuni dada ya Lubumbashi ni hadithi nyingine. Kongo ilijiunga na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012 na Mkataba wa New York mwaka 2014, na sheria ya usuluhishi ya OHADA ya 2017 inakubali makubaliano yathibitishwe kwa maandishi au kwa njia nyingine yoyote inayoweza kuyathibitisha. Mapokeo ni ya Kifaransa, kwa hiyo ardhi si ngumu. Shaka yangu ni juu ya ukweli wenyewe. Kutuma orodha ya kupakia na kukuambia lori lingoje mpakani Kasumbalesa ni kazi ya mpokea mizigo yeyote. Kama hawakujadili bei wala kuahidi malipo, kuwaongeza kutakugharimu: baraza likiona hawahusiki, laweza kukuamuru ulipe gharama za mawakili wao.

Sasa uzito wa ushahidi wako. Nitakuwa mkweli, maana upande wa pili hautakuonea huruma. Malipo kutoka akaunti ya mama peke yake ni ushahidi hafifu, kwa kuwa kundi kubwa huweka hazina moja na kulipia tanzu zake kila siku bila kuchukua mikataba yao. Mazungumzo ya bei yana nguvu zaidi, lakini watasema yule bwana wa Paris alivaa kofia mbili na kwamba siku ile alikuwa akiongea kama mkurugenzi wa kampuni ya Dar. Nenda BRELA, kwa msajili wa makampuni, chukua taarifa za wakurugenzi tangu 2022, uone kama jina lake lilikuwemo. Halafu rudi kwenye barua pepe zake: alisaini kwa cheo gani, chini ya jina la kampuni ipi? Barua pepe ya kusitisha ndiyo dhahabu yako. Kampuni ambayo haina mkataba haina mkataba wa kusitisha. Ihifadhi jinsi ilivyoingia, kwenye seva, usiwe na picha ya skrini tu. Jumbe za WhatsApp nazo zihifadhiwe kwenye simu zenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazikubali kama ushahidi Tanzania, lakini lazima uweze kuonyesha hazikuchezewa.

Kuna jambo moja linaweza kukuangusha, na ni wewe tu unayelijua. Wakati wa mazungumzo, je, uliomba dhamana ya kampuni mama ikakataliwa, kisha ukasaini hivyo hivyo? Kama ndiyo, mwambie wakili wako leo, kabla upande wa pili haujamwambia. Mama atasema: tuliulizwa kama tunaingia, tukasema hapana, naye akakubali.

Juu ya kufungua kesi Mahakama Kuu ya Dar dhidi ya mama: naelewa mvuto wake, mahakama iko karibu na ni yako. Lakini utakuwa unaijenga kesi juu ya mkataba ule ule unaosema migogoro yote iende Paris, na pingamizi la awali litakuja siku ya kwanza. Ukivuka hapo, lazima uonyeshe mahakama ina mamlaka juu ya kampuni ya kigeni. Ukivuka na hapo, hukumu ya Tanzania haina njia nyepesi ya kukazwa Ufaransa kama ile ambayo tuzo ya usuluhishi inaipata chini ya mkataba wenye wanachama zaidi ya 170. Faida moja ipo, nayo ni ya kimbinu: mama akija mahakamani akasema "kesi hii iende kwenye usuluhishi, kifungu kipo", atakuwa amekikumbatia kifungu hicho hicho, na itakuwa vigumu kwake kukikana baadaye. Nisingekushauri ufungue kesi kwa kutegemea hilo. Linaweza lisitokee, na gharama utakuwa umezilipa.

Njia nyingine ni kuiombea ufilisi kampuni ya Dar. Mfilisi ana mamlaka ambayo wewe huna ya kuuliza mali na fedha zilikwenda wapi miezi ya mwisho. Kama magari, madeni au mikataba yake ilihamishiwa kwa kampuni nyingine za kundi bila malipo, hapo ndipo penye fedha. Vyovyote utakavyoamua, thibitisha kampuni hiyo bado imo kwenye daftari la BRELA. Ikifutwa kimya kimya, hata usuluhishi dhidi yake utakwama mpaka irudishwe.

Ukienda ICC, wataje wote unaowadai kwenye ombi la kwanza. Chini ya Kanuni za 2021, mama akipinga, sekretarieti au mahakama ya ICC (chombo chake cha kusimamia mashauri, si mahakama ya dola) huangalia juu juu tu kama huenda kuna makubaliano yanayowafunga wote, kisha huliachia baraza uamuzi kamili. Kizingiti hicho hakiko juu. Lakini wasuluhishi wakishaanza kuthibitishwa, kumwongeza mhusika mpya kunakuwa na masharti magumu, ikiwemo yeye mwenyewe kukubali baraza lililopo. Na kumbuka muda: madai ya mkataba Tanzania kwa kawaida ni miaka 6, lakini mikataba ya usafirishaji hupenda kuweka muda mfupi zaidi wa kuwasilisha madai, na kuanza dhidi ya tanzu hakusimamishi saa dhidi ya mama. Wala usidhani tuzo ya kwanza dhidi ya tanzu itakusaidia kumfuata mama baadaye; mara nyingi itakuwa silaha yake, kwamba ulishachagua wa kumdai.

Hadi umwone wakili, kuwa mwangalifu na kalamu yako. Barua ya madai ipelekwe kwa tanzu na kwa mama, ikimweleza mama alichofanya: alijadili, alilipa, alisitisha. Usiandike popote "ijapokuwa nyinyi si sehemu ya mkataba". Nimeona sentensi za namna hiyo, zilizoandikwa kwa adabu tu, zikisomwa kwa sauti mbele ya baraza.

Kiasi unachodai ni kikubwa vya kutosha kustahili msaada wa ana kwa ana, na huu ndio wakati wake. Tafuta wakili wa Dar aliyewahi kuendesha usuluhishi wa kimataifa, si wa kesi za kawaida tu, akupangie nyaraka kwa tarehe: mazungumzo, mkataba, ankara, malipo, barua ya kusitisha. Kisha, kabla ya kulipa ada yoyote ICC, yeye amwandikie wakili wa Paris na kumpa faili hilo lote likiwa na mabaya yake, akimwomba maoni mafupi ya maandishi juu ya mambo matatu: kama kwa ukweli huu mahakama ya Paris ingeiacha tuzo dhidi ya mama isimame, mali za mama zilizopo Ufaransa zinazoweza kukamatwa ni zipi, na gharama ikiwa utashindwa ni kiasi gani. Maoni hayo yatakugharimu sehemu ndogo tu ya ada za shauri zima. Jibu la swali la kwanza likiwa dhaifu, rudi kwenye njia ya mfilisi kabla kampuni ya Dar haijafutwa.